Kitambaa Juu ya Kompyuta

Studio, chumba cha mbele
4 Februari

Mdogo wangu Bisibisi,

Huko mgodini kwenu mtandao haufiki, kwa hiyo nimerudia kalamu kama wazee wetu. Najua lori la mahitaji likipanda mlima utaichana bahasha hii umesimama, kikombe mkono mmoja. Kaa chini kwanza. Kompyuta ya studio inakufa.

Ingekuwa imeharibika ningesema imeharibika, tukamaliza. Hii inakufa na kufufuka. Naweka diski kwenye kile kidroo chake, kidroo kinaingia, kinanguruma kidogo, mara skrini nzima inageuka buluu na maandishi meupe ya Kiingereza, kisha giza, kisha inajiwasha yenyewe kama haikufanya kitu. Mara ya kwanza niliruka nikaangusha kiti. Mara ya pili nilikuwa nakaribia kumaliza video ya harusi ya watu, kazi ya tangu asubuhi, ikapotea yote.

Kidroo cha zamani kilikwama mwezi uliopita, hakitoki wala hakiingii. Nikanunua kipya, fundi redio wa jirani akakifunga skrubu zake. Tangu hapo ndipo balaa lilipoanza. Fundi redio amekuja kuangalia zaidi ya mara moja. Akiweka diski yeye, inasoma. Akiweka tena, inasoma. Ananitazama, anakuna kidevu, anakwenda zake.

Usicheke, maana nakujua. Studio hii ndiyo aliyoniachia marehemu shemeji yako, na ndiyo inayotulisha mimi na Mama mkwe. Ikifa hii, sisi wawili tutatazamana tu humu ndani. Niambie la kufanya.

Mama hajambo, anakusalimu.

Dada yako


Kambini, karakana ya pampu
11 Februari

Dada,

Nimecheka. Ungejua tunavyoishi huku ungenionea huruma na kuniachia hicho kicheko kimoja.

Sasa tufanye kazi. Zima mashine, chomoa waya ukutani, fungua ubavu wake. Humo ndani utakuta vumbi la kutosha kupanda mchicha. Lipulize, lakini usitumie mdomo, mate na umeme havipatani. Kisha tafuta vile vipande virefu vyembamba vilivyosimama kama vitabu rafuni, ndiyo kumbukumbu ya mashine. Vichomoe, sugua meno yake ya shaba kwa ufutio wa shule, virudishe mpaka usikie vimeingia. Angalia na waya unaokwenda kwenye kidroo kipya, kwa sababu namfahamu fundi redio wenu, anafunga kila kitu kama anafunga mbuzi.

Maandishi meupe usiyaogope, hayakutukani. Ndipo mashine inapojieleza inaumwa wapi. Yanakili yote uniletee, hasa jina lolote la ajabu lililo chini kabisa.

Halafu hilo la kusoma kwa fundi redio na kukataa kwako, liache. Kompyuta haimjui mtu, dada. Haina mpenzi wala adui. Ungekuwa na mkosi mikononi tungejua tangu ulipounguza shati la baba la kwenda kazini.

Nisalimie Mama. Mwambie bado sijanenepa, na bado sijasahau kwamba siku ya harusi yenu aliniita mshale wa saa mbele ya watu wote.

Bisibisi


Studio
19 Februari

Mdogo wangu,

Nimepuliza, nimesugua, nimekaza waya. Nimetoa vumbi la kujaza soksi. Nikawasha, nikaweka diski, ikasoma! Nikapiga kelele ya furaha mpaka mteja aliyekuwa anapigwa picha ya pasipoti akafumba macho. Nikaendelea na kazi hadi mchana, nikala, nikarudi, nikatia diski nyingine. Buluu. Nikakaa sakafuni.

Maandishi siwezi kuyanakili. Yanatoka na kupotea kabla sijafika mstari wa pili. Nimepata neno moja tu, nalo ni "problem", yaani tatizo, ambalo hata mimi nililijua.

Wewe unasema haimjui mtu. Basi nielezee hili. Mama akiwasha yeye, inasoma. Fundi redio, inasoma. Jana nilimwomba mteja, mwalimu wa chekechea, aweke diski yake mwenyewe alipokuja asubuhi. Ikasoma vizuri kabisa. Alasiri nikaweka ile ile mimi, ikafa. Mwalimu aliniangalia kwa namna ambayo sikuipenda. Nimeanza kuitazama mikono yangu, Bisibisi. Naiosha mara nyingi kuliko inavyohitajika.

Kuna na maneno mengine hapa nyumbani, lakini hayahusiani na kompyuta. Nikikuandikia tena yatakuwa yamekwisha.

Dada yako


Nyumbani, chumba cha uani
22 Februari

Kwako fundi,

Sijawahi kukuandikia, na dada yako hajui kama nakuandikia. Nimekuwa mkunga maisha yangu yote ya kazi, na mkunga huzoea kusema maneno machache wakati mtu anaumia. Haya ndiyo machache yangu: njoo umchukue dada yako.

Mwanangu alipofariki mwaka jana nilisema kazi ya Mungu haina makosa. Kuna watu walinong'ona juu ya mkewe, niliwatoa uani kwa ufagio, na mmoja ni shangazi wa marehemu mwenyewe. Kwa hiyo usinione mimi ni mama mkwe wa kutafuta visa. Lakini kompyuta hii ilikuwa ya mwanangu. Aliinunua kwa jasho lake, alikula mbele yake, alisinzia mbele yake. Mimi nikiigusa, inafanya kazi. Jirani akiigusa, inafanya kazi. Akiigusa mkewe, inakufa. Nilikaa kimya nikasema nisubiri nione kwa macho yangu, na sasa nimeona.

Nimemchungulia kupitia pazia. Mchana akienda kupika, haizimi. Anabonyeza kile kitufe chenye alama ya mwezi, anailaza, kisha anaifunika kwa kitambaa chake cha kichwa, eti ipumzike isiingie vumbi. Mimi mwanangu alinifundisha kuwasha na kuzima, basi, na hivyo ndivyo nifanyavyo. Yeye akirudi anaifunua taratibu kama anamfunua mtoto mchanga, anaiamsha, anatia diski, na papo hapo buluu. Niambie wewe mwenye elimu ya mashine: mtu anayefunika mali ya marehemu kwa kitambaa cha kichwani, anafunika nini?

Mwisho wa Machi baba wadogo wa mwanangu wanakuja kukaa kikao. Nimewaita mimi. Studio itabaki kwa ukoo, na yeye atarudi kwenu. Nakuandikia mapema ili aondoke mkononi mwa ndugu yake, asiondoke kwa kusukumwa. Anapika vizuri, na hajawahi kunijibu vibaya hata siku moja. Lakini mwanangu amesema kwa mashine yake kwamba hamtaki, na mimi siwezi kujifanya sikusikia.

Mama wa marehemu


Kambini
28 Februari

Mama,

Shikamoo. Barua yako niliisoma nimesimama, na nilipofika mwisho nikajikuta nimekaa juu ya ndoo ya grisi. Suruali haifai tena. Sikujua. Dada hakunidokeza hata neno moja, ameniandikia tu habari za vumbi na nyaya, na mimi nimemjibu kwa mizaha. Natamani kuirudisha ile mizaha kooni.

Sitabishana nawe kwenye karatasi. Wewe ni mkubwa, umezika mtoto, na mimi sina la kukufundisha juu ya hilo. Nakuomba kitu kimoja tu kabla ya kikao.

Chagua siku ambayo dada ameenda sokoni. Asubuhi iwashe kompyuta kama kawaida yako, tia diski, uone inasoma. Ikifika mchana usiizime. Bonyeza kitufe cha mwezi, kama afanyavyo yeye. Ifunike kwa kitambaa chake, si chako. Nenda ukale chakula chako polepole. Kisha rudi, ifunue, iamshe, tia diski kwa mkono wako mwenyewe. Niandikie ulichokiona.

Kwa nini nakuomba hivyo nitakueleza baadaye. Dada usimwambie.

Mwanao, Bisibisi


Nyumbani
9 Machi

Fundi,

Imekufa.

Nimefanya ulivyosema, hatua kwa hatua, hata kula nilikula ingawa sikuwa na hamu. Nimeifunua. Imeamka, taa zake zote, nikajisemea unaona sasa. Nikatia diski. Buluu, maandishi, giza. Imenifia mkononi.

Kesho yake nilirudia, dada yako alipokwenda kuchukua karatasi za picha. Ikafa tena.

Mikono hii imepokea nusu ya watu wa mji huu. Nimewatoa watoto waliokaa vibaya, waliojifunga kitovu shingoni, waliokuja kimya nikawapiga mgongo mpaka wakalia. Kitu hakijawahi kunifia mikononi hivi hivi bila sababu. Nilikaa kwenye kiti cha mwanangu.

Nilisema amemkataa mkewe. Kumbe ananikataa hata mimi. Au labda ni mimi aliyekuwa ananisema tangu mwanzo, nami nikamtwisha mzigo binti wa watu. Nimemchungulia mtoto huyo kupitia pazia wiki nzima, fundi. Nimesimama nyuma ya pazia nyumbani kwangu mwenyewe, nikisubiri ashindwe!

Nilipanga kwamba mwenye mkono unaokataliwa aondoke. Sheria haichagui. Nimefungasha, nakwenda kwa mdogo wangu wa kike, ng'ambo ya mto. Kikao nimekivunja, studio ni ya dada yako. Sababu usimwambie. Sitaki kuonewa huruma na mtu niliyetaka kumfukuza.

Mama wa marehemu


Studio
10 Machi

Bisibisi,

Umemfanya nini Mama?

Nimerudi jana na karatasi zangu nikakuta chumba cha uani kimefagiwa, kitanda kimekunjwa godoro, sanduku lake kubwa limebaki lakini begi halipo. Juu ya meza kuna bahasha tupu yenye mwandiko wako. Wako! Barua yenyewe ameondoka nayo. Nilizunguka nyumba nzima nikiita kama mwendawazimu, mpaka jirani akaniambia amemwona anapanda kivuko na hakuaga mtu.

Kama ulimwandikia maneno makali, Mungu akusamehe, maana mimi leo siwezi. Unadhani sikujua kwamba alitaka niondoke? Nilijua. Nyumba ina pazia moja, na miguu ya Mama naifahamu. Sikukuambia kwa sababu ungeshuka mlima na rungu, na huyu ndiye mtu pekee humu duniani anayemlilia mtu yule yule ninayemlilia mimi. Asubuhi tukinywa chai hatusemi kitu, kila mmoja anajua mwenzake amewaza nini. Ningevumilia kikao. Hili la kuondoka yeye sikulitegemea hata kidogo, na sijui nikae wapi humu ndani. Leo nimepika cha watu wawili.

Ameniachia kikaratasi: kikao nimekivunja, studio yako, funguo chini ya kinu. Hakuna neno lingine.

Halafu hii hapa, ingawa sasa sijui ina faida gani. Mimi ni mke wa mpiga picha, ninakaa katikati ya kamera, na kwa wiki zote hizi nimehangaika kunakili maandishi ya skrini kwa kalamu. Leo ndipo nikafikiria kuipiga picha! Shemeji yako angecheka mpaka akae chini. Nimekusafishia picha, imo humu. Chini kabisa kuna jina la faili, linaanza na "cd" na kumalizikia "sys".

Nijibu upesi, na unijibu ukweli.

Dada yako


Kambini
16 Machi

Dada,

Lori moja limeniletea barua yako na ya Mama. Nimesoma ya Mama kwanza. Nimefanya kosa kubwa na sitalipamba. Mwezi uliopita aliniandikia kwa siri, akanieleza anachokuona ukifanya, nikajua ugonjwa wa mashine uko wapi. Badala ya kumweleza, nikamtegea jaribio. Nilitaka aone mwenyewe kwamba kompyuta itamfia hata yeye, nikadhani akishtuka kidogo atakuachia. Nilisahau kwamba anaamini ni mwanawe anayesema. Nimempa mama aliyefiwa barua ya kukataliwa na mtoto wake, dada. Hakuna neno kali nililoandika, lakini ningeandika matusi yangekuwa na nafuu.

Sikiliza sasa, umpelekee maelezo haya kabla ya kitu kingine chochote.

Kila kifaa kwenye kompyuta kina draiva. Ni programu ndogo inayoiambia mashine namna ya kukiendesha kifaa hicho. Faili hilo kwenye picha yako ni draiva ya kidroo cha diski, na ni mbovu kwa kidroo ulicho nacho, kwa sababu ni ya muundo wa zamani. Mashine ikiwashwa upya, inapapasa, inaelewana na kidroo kipya, kazi inaendelea. Lakini ukiilaza kisha ukaiamsha, draiva inaamka ikitafuta kidroo inachokijua yenyewe. Ukitia diski, inamkuta mgeni, inashikwa na kiwewe, inaangusha mashine yote. Ndiyo ile buluu.

Mama hailazi, anawasha na kuzima. Fundi redio na mwalimu wako walikuja ikiwa imewashwa upya. Wewe peke yako ndiye unayeilaza mchana na kuifunika, kwa sababu ndivyo ulivyolelewa, hata pasi ya mkaa uliifunika. Wala usingenitajia, kwa sababu kwako hilo si jambo. Mama ndiye aliyelitaja, katika malalamiko yake. Bila macho yake nyuma ya pazia ningekuwa bado nakutuma kupuliza vumbi.

Hakuna mkono wa mtu hapa. Wako safi, wake safi.

Dawa: nenda kwenye orodha ya programu, tafuta yenye jina linalofanana na lile faili, iondoe, zima, washa. Mashine ina draiva yake ya kuzaliwa nayo, inatosha. Kisha ilaze, iamshe, tia diski.

Ila kuna kitu kinanisumbua. Duka haliwezi kukuuzia kidroo kipya na draiva ya kidroo cha zamani. Hiyo ilitoka wapi?

Bisibisi


Studio
22 Machi

Bisibisi,

Nimeiondoa. Nimeilaza, nimeifunika, nimekula, nimeifunua, nimetia diski. Imesoma. Nikarudia mpaka nikachoka kula.

Ulipouliza ilitoka wapi, kijiko kilinianguka. Nilikuwa nimesahau kabisa, na sasa najua, na ningependa nisijue.

Siku fundi redio alipofunga kidroo kipya, Mama alitoka chumbani na diski iliyofungwa kwenye leso. Ilikuwa ya marehemu. Juu yake kuna mwandiko wake kwa ile kalamu yake nene: "Anza na hii." Mama akaniambia, kila alipobadilisha kitu kwenye mashine hii alianza na hii, nilimwona. Kisiingie kitu kigeni humu bila yeye kuwepo. Kidroo kilikuwa tayari kinasoma, mdogo wangu. Hakikuhitaji chochote. Lakini alikuwa ameishika kwa mikono miwili, na macho yake yalinishinda. Nikaitia, nikabonyeza ndiyo, ndiyo, ndiyo, mpaka ile draiva ya zamani ikamaliza kujiweka. Mama akaichukua, akaifuta, akairudisha sandukuni.

Kwa hiyo unaelewa? Alisema ni mwanawe anayeizima mashine. Nami nikasema moyoni, maskini, uchungu unamsemesha. Na ni yeye kweli! Ni diski yake, kwa mwandiko wake, iliyoletwa na mkono wa mama yake na kuingizwa na mkono wa mkewe, kwa sababu hakuna kati yetu aliyekubali kwamba kitu kinaweza kuingia studio bila yeye. Nilicheka peke yangu humu ndani kwa sauti. Kisha nikalia mpaka mteja akaondoka.

Mama asijue. Akijua kwamba aliyeleta ugonjwa ni yeye, na kwamba aliuleta kwa kumpenda mwanawe, hatarudi tena, na hata akirudi hatakuwa yeye. Ukimwandikia, sema draiva mbovu ilikuja na kidroo kutoka dukani, watu wa maduka hawana haya. Mimi nitasema hivyo hivyo. Kesho nakwenda ng'ambo ya mto. Kompyuta naichukua, nimekodi mkokoteni.

Diski nimeitoa sandukuni kwake. Kuitupa siwezi. Nitajua la kuifanya.

Dada yako


Kambini
27 Machi

Mama,

Shikamoo, na nisamehe. Nilikufanyia jaribio bila kukueleza, kana kwamba wewe ni pampu. Sitarudia kwa mtu yeyote aliyenizidi umri, na nimejifunza kwa gharama yako.

Dada amekwisha kukueleza, lakini nathibitisha mimi fundi: draiva mbovu ilitoka dukani pamoja na kidroo. Watu wa maduka hawana haya kabisa.

Mwanao, Bisibisi


Nyumbani
6 Aprili

Mwanangu Bisibisi,

Nimerudi nyumbani. Dada yako alivuka mto na kompyuta nzima kwenye mkokoteni, imefungwa blanketi, yeye akitembea pembeni ameishika kama mgonjwa. Mdogo wangu alipoona akadhani nimeletewa maiti, akapiga yowe, majirani wakajaa. Hakujibu mtu. Aliichomeka ukutani, akaiwasha, akabonyeza mwezi, akaifunika. Akasema, Mama, tule kwanza. Tukala. Kisha akanishika mkono akaniambia weka wewe.

Nilikataa. Nilimwambia mbele ya watu wote kwamba nimeogopa. Akaendelea kunishika mkono mpaka nikaweka.

Ikasoma. Ilikuwa harusi moja aliyoipiga mwanangu. Yeye haonekani, yuko nyuma ya kamera, lakini unamsikia akikohoa na kuwaambia watu wasogee, wasogee kidogo, mama mwenye gauni la kijani sogea. Mimi nilikuwa hapo harusini, gauni la kijani ni langu. Sikujua kama sauti yake imo. Nilisikia mpaka mwisho, nikafunga begi langu nikavuka naye.

Sasa sikia jambo la pili, na hili ni la kwako peke yako.

Umeniandikia kwamba draiva ilitoka dukani. Dada yako ameniambia vilevile, na akaongeza kwamba watu wa maduka hawana haya. Maneno yale yale, mwanangu. Mimi ni mkunga, nimedanganywa na wanawake wenye uchungu na waume zao waliosimama mlangoni, na ninyi wawili ni wabovu kuliko wote. Nilipoipata barua yako nilifungua sanduku langu.

Diski ya mwanangu imo pale pale nilipoiacha. Lakini imeshonewa mfuko. Nimekitambua kitambaa, ni kile cha kichwa cha dada yako, kile alichokuwa anaifunikia mashine. Ameshona pande zote nne, kwa mshono wa karibu karibu, na mfuko hauna mdomo. Nilikaa nao mapajani. Mtu akishona mfuko usio na mdomo, anahifadhi kitu ambacho hataki kitumike tena. Nikaikumbuka siku ile nilipoileta na leso, nikakumbuka alivyonitazama kabla ya kuitia. Kumbe ni mimi. Nimemchungulia, nimemwitia ukoo, na kitu chenyewe nilimpa kwa mikono yangu miwili, naye alijua, akavuka mto na mkokoteni, akanidanganya.

Mfuko nimeurudisha kama nilivyoukuta. Usimwambie kwamba najua. Ameushona kwa shida, yeye si mshonaji, na sitaki ajue kazi yake imefumuka.

Kwa kuwa hana tena kitambaa cha kufunikia, nimempa leso yangu. Jana mchana aliilaza kompyuta, akaifunika kwa hiyo leso, tukala. Tuliporudi nilimwambia apishe, niiamshe mimi. Nikatia diski. Ikasoma.

Nimekupikia maandazi ya safari, dereva wa lori ameahidi kutoyala. Nenepa.

Mama wa dada yako